Siku Afeku Alipomwimba Mama Mdogo

Juzi tulimaliza arobaini ya mama mdogo Rukia. Baada ya dua na chakula, wazee wa ukoo walitaka kila aliyelelewa naye aseme neno moja. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu wa muziki, kwamba hakuna bendi iliyofika mji wetu wa Arua yeye akabaki nyumbani, na mimi nyuma yake nimeshika ncha ya kanga yake. Watu walicheka vizuri. Mzee mmoja alifuta macho. Nikakaa chini.

Niliyosema yalikuwa kweli yote. Lakini tangu siku ile nayapima na kuyapima, na naona kuna kipande nilichokikata. Ndicho nakiandika hapa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo maneno mengine hayatakaa mahali pake, na sijui kama ni haki kuandika jambo la mtu ambaye hawezi tena kunisahihisha. Nitajaribu kutompunguzia mtu wala kumwongezea.

Ninyi mliokua wakati wetu mnajua Arua ilivyokuwa tuliporudi kutoka ukimbizini Kongo. Nyumba hazina mabati, kuta zina alama za moshi, na mahali palipokuwa na duka pameota nyasi. Lakini muziki ulirudi kabla ya mabati. Na ulikuwa muziki wa mchana, kwa sababu jua likizama hakuna aliyetaka kukutana na askari njiani. Watu walisali adhuhuri, wakala, wakaoga, wakaenda uwanjani, na kabla ya magharibi kila mtu alikuwa amefunga mlango wake.

Mama mdogo alitupaka mafuta ya simsim miguuni, mimi na rafiki yangu Candiru, mpaka tukang'aa. Candiru alitoka kijiji jirani cha Onduparaka. Kwao kulikuwa na kaka wanne, wote wa mpira, na mazungumzo yote ya nyumba yalikuwa nani alifunga na nani alivunjwa mguu. Muziki alikuja kuupata kwetu. Tulikwenda watatu tumeshikana mikono, mama mdogo katikati, anapita anasalimia kila mtu kama vile yeye ndiye ameandaa shughuli.

Bendi za Kongo zilivuka mpaka wa Vurra juu ya malori, na magitaa yao, na suruali zilizopigwa pasi sijui wapi. Tulizipenda, sikatai. Lakini aliyetupendeza kuliko wote alikuwa Afeku, mtu wa kwetu tu, mwenye kundi la adungu, vile vinubi vya kwetu vya ngozi na nyuzi. Walikuwa na adungu sita, ndogo ya kukumbatia kifuani mpaka kubwa ambayo mpigaji wake aliikalia kama anapanda punda. Kabla ya kuanza waliziegemeza juani ngozi zikaze, na harufu ya ile ngozi ya ng'ombe ikipata joto ilitufikia kabla hatujaona mtu. Halafu ile kubwa inaguswa uzi mmoja, na unasikia tumboni kwanza, masikioni baadaye.

Afeku alikuwa na kazi nyingine kabla ya kupiga. Alizunguka uwanjani na kofia yake mkononi akikusanya maneno. Nani amefanya nini wiki hii? Nani amemuuzia mkwewe ng'ombe mgonjwa? Nani amelala kwenye mazishi mpaka akakoroma? Akishapata, anaweka ndani ya wimbo na jina lako juu. Na desturi ilikuwa moja: ukiimbwa, unatoka. Unaweka mkono kichwani, unacheza mbele ya watu, unamtuza kitu kidogo, sabuni, yai, chochote, na maneno yamekwisha hapo. Ukinuna ukabaki umekaa, wimbo unakufuata mpaka kisimani. Nimeona watu wazima wakiimbwa mambo mabaya kweli, wakatoka wanacheza, wakarudi kukaa wanapigwa mgongo na majirani.

Sasa mimi mtoto niliyaona hayo nikayaelewa upande. Nilidhani kuimbwa ni kupandishwa cheo. Sikuona kwamba mtu anatoka kucheza ili alipie aibu. Niliona anatoka kwa sababu ameitwa. Na Candiru akaimbwa. Alikuwa amemfukuza jogoo wao mpaka ndani ya kanisa katikati ya mahubiri, Afeku akalipata hilo, akaliimba, na Candiru akatoka na miguu yake inayong'aa akacheza, uwanja mzima unataja jina lake. Baada ya hapo alitembea mwezi mzima kama mtoto wa chifu.

"Wewe utaimbwa lini?" aliniuliza.

"Nitaimbwa."

"Kwa neno gani? Wewe hapana kitu unafanya. Wewe unakaa tu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa mtoto wa kukaa tu.

Hapa lazima nieleze habari ya muhogo. Tulipokuwa wakimbizi Kongo, upande wa Aru, kabla sijaanza kuota meno ya pili, kulikuwa na siku za njaa. Baba hakuwa nasi. Alikuwa askari, akaondoka na wenzake wakati wa vita, na mpaka leo hajarudi. Mama alishikwa na homa akawa hajui asubuhi wala jioni, na watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu ambaye ndiyo kwanza anatembea. Mama mdogo, ambaye mwenyewe alikuwa msichana bado, aliingia shamba la mtu akang'oa muhogo. Mwenye shamba akamkamata. Hakumpiga. Alimtwika ule muhogo kichwani na majani yake, akamtembeza katikati ya soko, yeye akifuata nyuma na panga akiita watu waje waone, halafu akamwachia aende nao.

Nyumbani mama mdogo aliisimulia kama kichekesho. Aliweka ungo kichwani, akatembea chumbani kwa maringo, shingo imenyooka. "Nilipita kama bibi harusi! Hata wale walioshika mawe walisahau kutupa!" Mama alicheka mpaka akakohoa. Candiru aliyekuja kulala kwetu alicheka naye. Hadithi ile haikutoka nje ya mlango wetu hata mara moja, lakini hakuna aliyeniambia isitoke. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Nafikiri mtoto wa miaka kumi anajua jambo lisilotoka nje hata kama hajaambiwa. Labda nilijua.

Mwaka ule mama mdogo akapata mchumba. Jina lake Abdu, wa Koboko, alifanya biashara ya chumvi na vitenge kutoka mpakani, mtu wa polepole mwenye meno mazuri. Naye pia walikutana uwanjani kwa Afeku. Maneno ya ndoa yalikuwa yameanza, na mama yake Abdu akatualika tule Idi kwao, aone vizuri binti anayeingia nyumbani kwake. Na Abdu, kumfurahisha mama mdogo, akafanya jambo ambalo nadhani hakuna mwanamume mwingine angelifanya: akamleta Afeku na kundi lake mpaka Koboko.

Tulipanda lori asubuhi, mimi, Mama, mama mdogo, na Candiru ambaye alilia kwao mpaka wakamruhusu. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Mama yake Abdu alitupokea vizuri. Nataka hilo liandikwe. Alitupa maji ya kuoga yaliyopashwa moto, akanisuka nywele kwa mkono wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane wa askari, asiyependa maneno mengi. Aliporudi kutoka ukimbizini Sudan alikuta wezi wamechimba shamba lake lote la muhogo, mpaka mizizi midogo. Alilima upya peke yake. Hiyo habari alitupa wakati ananisuka, na nilimsikia, na bado sikuiunganisha na kitu chochote.

Baada ya chakula watu walikwenda kwenye kiwanja karibu na soko. Candiru na mimi tulitumwa kupeleka maji kwa wapigaji. Afeku alikuwa ameinama akikaza nyuzi.

"Watoto wa nani?"

"Wa nyumba ya Rukia," nikasema.

"Rukia ile ya kucheza mpaka kiatu inakatika?" Wenzake wakacheka. "Lete maneno basi. Hapa Koboko mimi hapana jua mutu hata moja. Nitaimba nini, mbuzi ya Idi?"

Candiru alikuwa ameshaondoka na ndoo. Nilibaki mimi.

"Nikikupa neno, utataja jina langu?"

"Nitataja."

"Kweli?"

"Nadanganya mtoto siku ya Idi?"

Nikampa. Nilimpa ile hadithi kama tulivyoisikia nyumbani, sehemu ya kuchekesha: muhogo, majani, soko, shingo iliyonyooka. Njaa sikuiweka. Homa ya Mama sikuiweka. Naye, namtendea haki, aliacha uzi akaniangalia.

"Na yeye hapana kasirika?"

"Hapana. Nyumbani anacheka sana."

"Basi iko sawa," akasema, akarudi kwenye nyuzi zake.

Alipiga nyimbo tatu za kawaida kwanza. Kiwanja kilijaa, watoto wamepanda juu ya kuta zilizobomoka, wanawake kwenye mikeka, wazee kwenye viti. Mama yake Abdu alikaa kiti cha mbele, na mama mdogo miguuni pake kwenye mkeka, kama mkwe anavyokaa. Nilimwona anatikisa mabega kidogo tu, kwa adabu. Halafu adungu kubwa ikaanza peke yake, na Afeku akafundisha watu kiitikio. Aliimba Kiswahili ili Mkakwa asikie, Mlugbara asikie, Mnubi asikie.

"Nani alibeba muhogo?"

"Rukia!"

"Muhogo ya nani?"

"Ya watu!"

"Akapita wapi?"

"Katikati ya soko!"

Sauti iliyotoka kwenye kile kiwanja sikuwahi kuisikia Arua. Nilikuwa nimesimama na Candiru kwenye ukuta, na moyo ulinidunda kwa furaha. Hiyo ni kweli na lazima niiseme. Nilifurahi. Nilikuwa nangoja jina langu lifuate.

Mama mdogo alitoka. Aliijua desturi. Aliweka mkono kichwani akacheza, anacheka, anazunguka, na watu wa Arua waliokuwepo wakampigia vigelegele. Lakini aligeuka akamwona mama yake Abdu. Yule mama hakuwa amekunja uso. Alikuwa akimwangalia tu, kama mtu aliyesimama shambani asubuhi anaangalia mashimo. Mama mdogo akapunguza miguu. Akaacha kucheza. Akaenda mpaka kwa mpigaji wa adungu kubwa akalaza kiganja juu ya nyuzi, na kukawa kimya.

"Fundi," akasema, "umeanza, maliza. Waambie watu nani alikula ule muhogo."

Afeku hakujua. Angejuaje? Sikuwa nimempa sehemu hiyo. Akageuza kichwa polepole kwenye ukuta akanitafuta, akaniona.

Candiru akanifinya mkono. "Si wewe ulikula? Ulisema wewe na mdogo wako. Shuka! Sema!"

"Wacha."

"Shuka, wewe! Wanamwita mwizi!"

Sikushuka. Nilijificha nyuma ya mgongo wake. Sidhani Afeku alingoja kwa muda mrefu, labda pumzi tatu au nne. Mtu wa muziki haogopi kitu kama kimya. Akainua mkono na kulirudisha lile neno kwa watu, nadhani kwa kuokoa shughuli.

"Nani alikula muhogo?"

Na watu, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshazoea, wakajibu wote pamoja: "Rukia!"

Nami nilijibu. Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba sikujibu, kwamba nilichezesha midomo tu. Nilijibu kwa sauti. Candiru alinyamaza, mimi nikajibu, kwa kuwa nilijua kiitikio na kwa kuwa mtu anayeitikia na wengi haonekani.

Mama yake Abdu alisimama, akakunja kanga yake vizuri, akamwambia Mama, "Jua limekuwa kali. Twende nyumbani." Hakusema neno lingine mpaka tulipopanda lori kesho yake. Jina langu Afeku hakulitaja. Kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa hilo, mpaka nilipokuwa mtu mzima ndipo nikafikiri kwamba pengine alinihurumia.

Wiki ya pili yule mama alikuja Arua na wazee wawili. Abdu alikuja nao lakini alikaa nje, anachora chini kwa kijiti. Nafikiri alikuwa ameshagombana na mama yake na ameshindwa. Waliketi, wakapewa chai. Mama yake Abdu akasema bila kuzunguka.

"Mimi sikatai binti. Binti ana heshima. Lakini mwizi wa shamba siwezi kulala naye nyumba moja. Anayechukua nguo yako amechukua nguo. Anayechimba muhogo wako amechimba watoto wako."

"Dada, ilikuwa njaa," Mama akasema. "Hakujichukulia yeye. Aliwapa watoto hawa."

"Ulimwona akiwapa?"

Mama angeweza kusema ndiyo, na nani angejua? Lakini Mama hakuweza kusema uongo mbele ya wazee. "Nilikuwa na homa. Sikuona."

Mama mdogo alikaa karibu na mlango, mikono mapajani. Hakujisemea. Alikuwa ameshasema yake kiwanjani.

Basi yule mama akanigeukia. Aliniita vizuri, akanivuta mpaka nikasimama katikati ya magoti yake, akashika zile nywele alizonisuka mwenyewe.

"Mama yangu, mtoto hana sababu ya kudanganya. Wewe ulikuwepo. Ukiniambia ulikula ule muhogo, basi mimi nimesikia, na wazee wamesikia, na tunaendelea na maneno ya ndoa leo leo. Ulikula?"

Chumba kizima kiliningoja. Mzee mmoja alishika kikombe hewani. Niliona wazi, kama ninavyoiona kalamu hii, jinsi maswali yatakavyofuatana: nikisema nilikula, wataniuliza kwa nini sikushuka ukutani, nikijibu hilo, wataniuliza nani alimpa Afeku maneno. Mlango ulikuwa mmoja na nyuma yake ulikuwepo mwingine. Niliogopa ule wa pili.

"Mimi sikumbuki," nikasema.

"Jaribu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sikumbuki."

Mama mdogo ndiye aliyenitoa pale. Alisimama, akanishika bega. "Mwacheni mtoto. Alikuwa mdogo mno wakati ule. Msimtese." Akanipeleka nje, akanipa mahindi niwarushie kuku, akarudi ndani kusikia walichokuja kumwambia.

Sitaki kujipa ukubwa nisio nao. Maisha ya mama mdogo hayakuvunjika. Miaka mitatu baadaye aliolewa Vurra na fundi cherehani, akazaa watoto watatu, na huyo mume alikuwa mtu mwema, nilimpenda. Pengine Abdu asingemfaa. Pengine yule mama angepata sababu nyingine. Hayo siyajui. Najua kwamba Abdu alipoondoka siku ile hakuinua kichwa, na kwamba mama mdogo aliosha vikombe vyote vya chai, akaviosha tena.

Najua pia kwamba Afeku alipopiga tena Arua, mama mdogo alitupaka mafuta miguuni, akatushika mikono, tukaenda. Hakuniuliza. Hakuniuliza mwaka ule, wala nilipoolewa, wala miezi ya mwisho nilipokuwa namlisha uji kwa kijiko na tulikuwa wawili tu chumbani. Nilingoja aniulize. Sasa naona kwamba labda yeye alikuwa ananingoja niseme.

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo, lakini si mdogo mno. Aliuchemsha kwenye sufuria isiyo na mpini, vumbi la soko bado liko usoni pake, na shingo ilimuuma hata hakuweza kuigeuza. Haukuiva vizuri, ulikuwa mgumu katikati, na moshi umeingia. Alitupa vipande viwili viwili, mimi na mdogo wangu, akabakiza kimoja cha kwake. Nilimaliza vyangu nikamwambia bado nina njaa. Akanipa na hicho.